Mitetemo katika Uigaji wa Damu na Kuta za Mishipa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa uzamili, wahandisi na watafiti wa tiba wanaoiga kwa kompyuta mtiririko wa damu ndani ya mshipa ambao ukuta wake unasogea. Katika uigaji wa namna hii damu husukuma ukuta, ukuta nao ukihama hubadilisha njia ya damu, na milinganyo ya pande hizo mbili hulazimika kukubaliana mpakani kwa kila hatua ya muda. Pasipo na makubaliano hayo, hata kwa kiasi kidogo, shinikizo huanza kuyumba, na mara nyingi huyumba kwa nguvu kuliko mapigo ya moyo yenyewe.

Majibu mengi hapa yanarejelea jaribio moja ambalo karibu kila aliyewahi kuandika programu ya aina hii amelipitia, nasi tutaliita jaribio la bomba. Ni bomba lililonyooka lenye urefu wa sentimita 5, nusu kipenyo cha sentimita 0.5 na ukuta wenye unene wa sentimita 0.1. Ukuta una moduli ya Young (kipimo cha ukakamavu) ya dyn/cm² 3,000,000, yaani kilopaskali 300, uwiano wa Poisson (kiasi ambacho kitu husinyaa ubavuni kikivutwa) wa 0.3 na densiti ya g/cm³ 1.2. Damu imepewa densiti ya g/cm³ 1 na mnato wa poise 0.03. Mwingilio husukumwa kwa shinikizo la dyn/cm² 13,332, sawa na mmHg 10, kwa milisekunde 3 tu, kisha shinikizo hilo hurudishwa sifuri na wimbi huachwa lisafiri lenyewe.

Shinikizo linarukaruka na sijui chanzo. Nianzie wapi?

Anza kwa kupima kipindi cha mtetemo kabla hujagusa kigezo chochote. Chagua nodi (pointi za wavu wa hesabu) mbili au tatu, moja karibu na mwingilio, moja katikati na moja karibu na njia ya kutokea, uandike shinikizo na uhamaji wa ukuta kwa kila hatua ya muda, si kwa kila hatua ya ishirini kama wengi wanavyofanya ili kuokoa nafasi ya diski. Mtetemo unaobadili ishara kila hatua, ukihifadhiwa kila baada ya hatua 20, huonekana kama mstari laini. Ukihifadhiwa kila baada ya hatua 21, huonekana kama wimbi la polepole ambalo halipo kabisa.

Kisha rudia uigaji uleule mara tatu, ukibadilisha jambo moja tu kila mara: hatua ya muda iwe nusu, ukubwa wa elementi (vipande vidogo vya wavu huo) uwe nusu, na urefu wa bomba uwe maradufu. Kipindi kikifuata hatua ya muda, kosa liko katika utatuzi wa wakati au katika namna damu na ukuta vinavyounganishwa. Kikifuata urefu wa bomba, unatazama mawimbi yanayorudi kutoka mwisho wa modeli. Ikiwa kinachobadilika ni umbo la mabaka, nalo linafuata ukubwa wa elementi, kagua elementi zenyewe. Na kipindi kisipojali lolote kati ya hayo matatu, kuna uwezekano mkubwa kwamba unachokiona ni tabia ya modeli yako, kwa mfano ukuta uliopigwa ghafla au usioshikiliwa na kitu, na mara chache ni tabia ya mshipa halisi.

Kazi hiyo huchukua siku moja au mbili. Nimewaona watu wakitumia miezi kubadilisha vizidishi kwa kubahatisha kwa sababu waliona siku hizo mbili ni hasara.

Nimepunguza hatua ya muda na hali imekuwa mbaya zaidi. Inawezekanaje?

Hili ndilo swali linalowashangaza wengi, kwa kuwa tumefundishwa kwamba hatua ndogo huleta utulivu. Katika mishipa ya damu kanuni hiyo huvunjika kutokana na kile kinachoitwa tungamo la nyongeza. Ukuta hauwezi kusogea peke yake: ukitanuka, ni lazima uvute damu iijaze nafasi iliyopatikana, na kwa kuwa damu haibanwi, damu hiyo inatoka mbali, kwa urefu wote wa bomba. Kwa hiyo ukuta huhisi kana kwamba umebebeshwa mzigo wa damu mkubwa kuliko uzito wake wenyewe.

Mzigo huo unakadirika. Kwa wimbi refu kuliko yote linaloweza kukaa ndani ya bomba, tungamo la damu linaloubebesha kila sentimita ya mraba ya ukuta ni densiti ya damu mara 2L²/(π²R), ambapo L ni urefu na R ni nusu kipenyo. Katika jaribio la bomba tunapata takriban gramu 10.1. Tungamo la ukuta wenyewe, yaani densiti yake mara unene wake, ni gramu 0.12. Damu inauzidi ukuta takriban mara 84.

Sasa fikiria mpango legevu wa kuunganisha, ambapo kitatuzi cha damu (programu inayotatua milinganyo ya damu) hupewa mwendo wa ukuta wa hatua iliyopita, hutoa shinikizo, kisha kitatuzi cha ukuta hulipokea shinikizo hilo na kusonga mbele bila kurudi nyuma kuhakiki. Shinikizo hilo linategemea mchapuko wa ukuta, na mchapuko uliotumika umechelewa. Kosa la mchapuko huzidishwa na uwiano wa matungamo kila hatua, na kupunguza hatua ya muda hakugusi uwiano huo. Mwaka 2005 Causin, Gerbeau na Nobile walionyesha kwa hesabu kwamba tungamo la damu likilizidi la ukuta kwa namna hii, mpango legevu hulipuka hata hatua ya muda iwe ndogo kiasi gani. Hatua ndogo ina ubaya wa ziada: inaupunguzia ukuta msaada wa ukakamavu wake, maana ukakamavu huingia katika hesabu ukiwa umezidishwa na mraba wa hatua ya muda.

Ndiyo sababu mbinu legevu inayofanya kazi vizuri kwa bawa la ndege hushindwa kwa ateri. Hewa ni nyepesi mno ikilinganishwa na bawa, ilhali damu ina densiti ya takriban kg/m³ 1,060 na ukuta wa ateri hauizidi sana, na juu ya hayo ukuta ni mwembamba. Ukirefusha bomba bila kubadilisha kingine, tatizo huongezeka kwa mraba wa urefu. Mtu aliyefanikiwa kwa kipande cha sentimita 2 asishangae akishindwa kwa aota nzima.

Basi nitumie mpango gani wa kuunganisha?

Njia iliyo salama kuliko zote ni kutatua milinganyo ya damu na ya ukuta kwa pamoja, katika mfumo mmoja mkubwa. Programu ya svFSI, ambayo ni sehemu ya mradi wa SimVascular, hufuata njia hiyo. Gharama yake ni mfumo mzito unaohitaji kitatuzi cha milinganyo kilichoandaliwa kwa uangalifu.

Njia ya pili ni kuacha vitatuzi viwili vijitegemee lakini vizungumze mara nyingi ndani ya kila hatua ya muda hadi vikubaliane. Tuite muungano thabiti, na kila zamu ya mazungumzo hayo tuiite duru. Maktaba ya preCICE imetengenezwa kwa kazi hii, na wengi huitumia kuunganisha OpenFOAM (upande wa damu) na CalculiX (upande wa ukuta). Hapa hupaswi kuikubali programu kwa chaguo lake la mwanzo bila kulikagua, kwa sababu mpango legevu huwa umo katika orodha ya machaguo na jina lake halitishi.

Ipo pia njia ya katikati, ya kubadilisha sharti la mpakani upande wa damu ili kitatuzi cha damu kijue mapema kwamba ukuta utalegea kikisukuma. Badala ya kukipa kasi ya ukuta peke yake, unakipa mchanganyiko wa kasi na mkazo, ambao wanahisabati huuita sharti la Robin. Ukuta mwembamba unaowakilishwa kama utando huifaa sana njia hii, kwa kuwa ukakamavu na tungamo lake huingizwa moja kwa moja katika sharti hilo.

Ninatumia muungano thabiti, lakini duru za ndani hazitulii. Nitachaguaje kizidishi cha kulegeza?

Usikichague kwa mkono ikiwa unaweza kuliepuka jambo hilo. Kizidishi cha kulegeza huamua ni sehemu gani ya uhamaji mpya wa ukuta inayokubaliwa katika kila duru. Kwa muundo rahisi wa ukuta mwembamba, kizidishi kisichobadilika ni lazima kiwe chini ya 2(m + aΔt²)/(m + M + aΔt²), ambapo m ni tungamo la ukuta, M ni tungamo la nyongeza, Δt ni hatua ya muda, na a ni ukakamavu wa ukuta, yaani Eh/((1−ν²)R²), E ikiwa moduli ya Young, h unene wa ukuta na ν uwiano wa Poisson. Katika jaribio la bomba, a ni takriban dyn/cm³ 1,320,000. Kwa hatua ya milisekunde 0.1 kikomo cha kizidishi ni karibu 0.026, kwa hatua ya milisekunde 1 kinapanda hadi karibu 0.25. Tazama jinsi hatua kubwa inavyorahisisha mazungumzo baina ya vitatuzi. Kizidishi cha 0.02 ni halali, lakini utahitaji duru nyingi mno kwa kila hatua, na wengi huchoka wakaweka kikomo cha duru 10, na hapo kila hatua hufungwa kabla ya makubaliano.

Mbinu ya Aitken, iliyotokana na kazi ya Alexander Aitken ya mwaka 1926, hukirekebisha kizidishi kila duru kwa kulinganisha salio (tofauti iliyobaki kati ya pande mbili) la duru hii na la duru iliyotangulia. Ni mistari michache ya msimbo na inatosha kwa modeli nyingi ndogo. Anza kila hatua ya muda na kizidishi cha mwisho cha hatua iliyopita, lakini kiwekee kikomo cha juu, kwa mfano 0.1, ili duru ya kwanza isiruke. Kwa modeli kubwa zaidi, mbinu zinazokadiria mteremko wa mpaka kutoka katika duru zilizopita, ambazo kundi la Degroote lilizieneza kuanzia mwaka 2009, hutulia kwa duru chache kuliko Aitken. Zinapotumia pia kumbukumbu za hatua za muda zilizopita hupata kasi zaidi, ila ukiona zinaanza kuyumba ghafla, punguza idadi ya kumbukumbu au ongeza uchujaji wa safu zinazofanana.

Duru zinatulia, programu inasema imefaulu, lakini bado kuna mtetemo mdogo. Kwa nini?

Kagua kwanza kipimo cha salio. Salio la uhamaji likifikia 0.001 halimaanishi kwamba shinikizo nalo limefikia 0.001, kwa sababu mabadiliko madogo ya uhamaji yakigawanywa kwa mraba wa hatua ya muda hugeuka kuwa mchapuko mkubwa, na mchapuko ndio unaozalisha shinikizo. Pima salio la uhamaji na salio la nguvu za mpakani kwa pamoja. Kagua pia vitatuzi vya ndani: haifai kudai makubaliano ya 10⁻⁶ mpakani wakati kitatuzi cha shinikizo cha upande wa damu kinasimama kwenye 10⁻⁴.

Shinikizo linabadili ishara kila hatua ya muda, lakini kasi ya damu ni laini kabisa.

Hiyo ni alama ya mbinu ya wakati isiyopoteza nishati yoyote. Mbinu ya Crank–Nicolson, na ya Newmark yenye β ya 1/4 na γ ya 1/2, hubeba kila mtetemo uliozaliwa na kuupeleka mbele bila kuufifisha, hata ule ambao kipindi chake ni hatua mbili tu. Katika jaribio la bomba, mtetemo huo huzaliwa pale shinikizo la mwingilio linapowashwa ghafla na tena linapozimwa katika milisekunde ya 3.

Tumia mbinu ya alfa iliyojumlishwa, ambayo humruhusu mtumiaji kuchagua ni kiasi gani cha masafa ya juu kifutwe. Kigezo chake, ρ∞, kikiwa 1 hakifuti kitu. Kikiwa 0 hufuta masafa ya juu kabisa kwa hatua moja. Thamani ya 0.5 ni mahali pazuri pa kuanzia. Upande wa damu na upande wa ukuta vipewe thamani moja. Kosa ninalolikuta mara kwa mara katika vitatuzi viwili vilivyounganishwa ni kwamba kimoja huandika usawa wake katikati ya hatua na kingine mwishoni mwake, ikiwa na maana kwamba nguvu inayopokelewa si ya wakati uleule uliokusudiwa. Hakuna duru za ndani zinazoweza kuliondoa kosa hilo, kwa sababu pande zote mbili zinakubaliana kwa dhati juu ya jambo lisilo sahihi.

Katika jaribio la bomba, mtetemo unarudi kila baada ya milisekunde 17 hivi. Nimebadilisha kila kitu na haubadiliki.

Wala hautabadilika maadamu urefu wa bomba na ukuta wake ni vilevile, kwa kuwa ni wimbi halali la modeli yako. Fomula ya Moens na Korteweg, ya mwaka 1878, ikiongezwa sahihisho la uwiano wa Poisson, inatoa kasi ya wimbi ya √(Eh/(2ρR(1−ν²))), ρ ikiwa densiti ya damu, ambayo hapa ni takriban mita 5.7 kwa sekunde. Sentimita 5 hupitwa kwa milisekunde 8.7, na safari ya kwenda na kurudi ni milisekunde 17.4. Njia ya kutokea iliyowekewa shinikizo la sifuri hulirudisha wimbi lote likiwa limegeuzwa ishara, na mwingilio, ambao nao sasa ni sifuri, hulirudisha tena.

Kuna jambo la kupendeza hapa ambalo halisemwi mara nyingi. Ukihesabu masafa ya asili ya ukuta mkavu wa bomba hili unapata karibu Hz 528. Ukiuongezea tungamo la nyongeza la gramu 10.1, masafa yanashuka hadi karibu Hz 57, ambayo kipindi chake ni milisekunde 17.5. Yaani tungamo la nyongeza linalovuruga muungano legevu na wimbi linalokwenda na kurudi ndani ya bomba ni jambo moja lililotazamwa kwa njia mbili.

Dawa ni kuipa njia ya kutokea ukinzani unaolingana na ule wa wimbi, yaani densiti mara kasi ya wimbi gawanya kwa eneo la mkato. Katika jaribio la bomba ukinzani huo ni takriban dyn·s/cm⁵ 731, sawa na Pa·s/m³ 73,000,000. Ukiuweka, sehemu kubwa ya wimbi hutoka bila kurudi. Kumbuka tu kwamba ikiwa njia ya kutokea imebanwa isitanuke, ukuta unakakamaa ghafla mwishoni na mwakisiko mdogo utabaki. Iruhusu itanuke kwa mhimili wa nusu kipenyo.

Nimeweka modeli ya Windkessel kwenye njia za kutokea, na shinikizo linapanda polepole bila kutulia.

Modeli hii, ambayo msingi wake uliwekwa na Otto Frank mwaka 1899, huwakilisha mishipa ya mbali kwa ukinzani na uwezo wa kutanuka. Ikiwa shinikizo la wastani ni mmHg 93 na mtiririko ni lita 5 kwa dakika, ukinzani wa jumla ni karibu mmHg·s/ml 1.1. Kwa uwezo wa kutanuka wa ml 1.3 kwa kila mmHg, muda wa tabia wa modeli ni karibu sekunde 1.45. Ukianza kutoka sifuri, itakupasa kusubiri zaidi ya sekunde 6.6 ili kosa lishuke chini ya asilimia 1, ambayo ni mapigo 8 hivi ya moyo unaodunda mara 70 kwa dakika. Hilo si kosa la programu bali ni subira isiyo ya lazima: anzisha shinikizo la Windkessel karibu na thamani yake ya kudumu, au endesha kwanza modeli ya mwelekeo mmoja hadi itulie, kisha uhamishe thamani zake.

Mtetemo wa haraka kwenye Windkessel ni jambo jingine. Hutokea shinikizo la kutokea linapokokotolewa kwa mtiririko wa hatua iliyopita, hasa ukinzani wa mbele ukiwa mkubwa. Lifanye shinikizo hilo kuwa sehemu ya duru za ndani.

Uigaji unalipuka kila moyo unapolegea, kwenye njia ya kutokea peke yake.

Damu inarudi nyuma. Wakati wa kulegea kwa moyo, sehemu ya mkato wa njia ya kutokea huingiza damu badala ya kuitoa, na sharti la shinikizo halisemi chochote kuhusu kasi ya damu hiyo inayoingia. Neno la mkondo, yaani lile linaloeleza damu inavyobeba mwendo wake yenyewe, katika milinganyo ya Navier–Stokes ya mwendo wa viowevu huingiza nishati isiyodhibitiwa, na kasi hupanda bila kikomo kwenye nodi chache. Ongeza neno la kudhibiti mtiririko wa kurudi, linalofanya kazi pale tu kasi inapoelekea ndani, lenye kizidishi kati ya 0 na 1. Wengi huanza na 0.2. Kurefusha mshipa kwa kipande kilichonyooka husaidia kidogo. Kuilazimisha damu iwe na umbo maalumu la kasi mwishoni pia huzuia mlipuko, ila huharibu matokeo ya karibu, na mimi siipendi njia hiyo kwa mshipa wenye matawi.

Mwanzoni mwa uigaji mshipa wote unatanuka na kusinyaa kama unaopumua.

Picha ya CT au ya MRI ulimotoa umbo la mshipa ilipigwa mshipa ukiwa tayari umejaa damu yenye shinikizo, kwa mfano mmHg 80. Ukilichukua umbo hilo kuwa halina mkazo, kisha ukaliwekea mmHg 80 katika hatua ya kwanza, umeupiga ukuta teke. Mtetemo unaofuata ni wa kweli kabisa kwa modeli hiyo, na haufanani na chochote kilicho ndani ya mgonjwa.

Tafuta kwanza mkazo wa awali: tatua tatizo la ukuta peke yake, ukipakia shinikizo la picha kidogo kidogo huku umbo likibaki pale lilipo na mkazo ukikusanyika, hadi uhamaji uwe karibu sifuri. Baadaye anza mtiririko. Ikiwa programu yako haina uwezo huo, pandisha shinikizo kwa mpando laini wa ½(1−cos(πt/T)), na T iwe ndefu kuliko safari kadhaa za wimbi. Mpando wa mstari ulionyooka haufai sana, kwa sababu pembe zake mbili za mwanzo na mwisho nazo ni mapigo.

Aota inacheza huku na huku kama mpira wa kumwagilia bustani uliofunguliwa ghafla.

Imeshikiliwa ncha peke yake. Katika mwili aota huegemea uti wa mgongo, mapafu na mafuta, na tishu hizo huukinza mwendo na kuufifisha. Weka kwenye uso wa nje wa ukuta sharti lenye sehemu mbili, chemchemi inayolingana na uhamaji na kifyonzi kinacholingana na kasi. Upande unaogusa uti wa mgongo upewe chemchemi ngumu zaidi. Ni sharti jepesi kulitekeleza na, kwa maoni yangu, hakuna uigaji wa aota unaostahili kuaminiwa bila sharti hilo.

Shinikizo ndani ya damu lina mabaka kama ubao wa drafti.

Elementi zenye daraja moja kwa kasi na kwa shinikizo haziwezi kuliona baka la aina hiyo bila kuimarishwa. Ama tumia daraja la pili kwa kasi na la kwanza kwa shinikizo, ama hakikisha maneno ya uimarishaji yamewashwa. Mtego uliojificha ni kwamba kizidishi cha uimarishaji katika programu nyingi hupungua kadiri hatua ya muda inavyopungua, hivyo mabaka hujitokeza pale hasa unapojitahidi kuwa makini. Hali hiyo hutokea pia katika baadhi ya vitatuzi vya ujazo finaiti.

Mkazo ndani ya ukuta una mabaka pia. Ni tatizo lilelile?

Ni ndugu yake. Ukuta wa ateri hubanika kwa shida sana, kwa hiyo watu huupa uwiano wa Poisson wa 0.49 au 0.499. Kwa 0.49 ukinzani dhidi ya kubanwa ni karibu mara 50 ya ukinzani dhidi ya kupinda umbo, na kwa 0.499 ni karibu mara 500. Elementi za pembe nne za daraja la kwanza, zikiwa safu moja tu katika unene, hujifunga na kutoa mkazo unaopishana kutoka elementi hadi elementi. Tumia elementi za daraja la pili au zenye shinikizo kama kigezo cha kujitegemea, na angalau safu mbili au tatu katika unene.

Je, wavu unaosogea unaweza kuzaa mtetemo?

Unaweza. Kasi ya wavu inayotumika katika neno la mkondo ni lazima ilingane na mabadiliko ya ujazo wa elementi, la sivyo damu tulivu itaonekana kutiririka. Jaribio lake ni rahisi: weka kasi moja kila mahali, sogeza nodi za ndani kiholela, na kasi hiyo isibadilike hata kidogo. Elementi ndogo za karibu na ukuta zifanywe ngumu kuliko za katikati ili zisipondwe.

Nina uvimbe wa aneurisimu ambao nimeuwekea mtiririko wa kuingia na wa kutoka. Vitatuzi vinakataa hata duru ya kwanza.

Umejaza ujazo uliofungwa kwa kiowevu kisichobanwa. Kitatuzi cha damu, kikipewa kasi pande zote, hakina nafasi ya kulijua shinikizo. Njia moja ya kutokea ipewe shinikizo au Windkessel.

Kwa nini nisiongeze ufifishaji hadi mistari iwe laini?

Kwa sababu utaficha kosa na kuharibu jibu kwa pamoja. Ufifishaji wa Rayleigh unaolingana na tungamo hupunguza hasa mwendo wa polepole, ambao ndio mapigo ya moyo unayoyatafuta, na huyaacha masafa ya juu karibu yalivyo. Unaolingana na ukakamavu ni afadhali, na ukuta wa ateri kwa hakika una mnato wake, hivyo kiasi fulani kina msingi wa kifizikia. Lakini kiasi hicho kitoke kwenye vipimo vya ukuta, kisitoke kwenye hamu ya kupata mchoro unaovutia.

Kasi ya wimbi langu ni mita 1.8 kwa sekunde badala ya 5.7.

Umeandika moduli ya Young kwa paskali ndani ya modeli ya sentimita, gramu na sekunde. Ukuta wako ni laini mara 10, na kasi imepungua kwa mzizi wa mraba wa 10. Ninalijua jibu hili haraka kwa sababu liliwahi kunigharimu wiki mbili, na muda wote huo nilikuwa nikilaumu muungano. Paskali 1 ni dyn/cm² 10, Pa·s 1 ni poise 10, na mmHg 1 ni Pa 133.3. Pima kasi ya wimbi katika kila modeli mpya kabla ya kujadili jambo lolote jingine.

Nitajuaje kwamba mtetemo ni wa mshipa wenyewe?

Mishipa hutetema. Mchoro wa shinikizo la aota una kijongo kidogo pale vali inapofunga, na kijongo hicho hakipaswi kulainishwa. Nyuma ya sehemu iliyobanwa, mkondo mwembamba wa kasi huvunjika na kuzaa mizunguko inayotikisa ukuta, na daktari huisikia kama mnguruko kwenye stetoskopu. Sauti ambazo Nikolai Korotkoff alizieleza mwaka 1905, na ambazo hadi leo hutumika kupima shinikizo la damu, hutoka kwenye ateri ya mkono inayofunguka na kufunga chini ya kitambaa kilichojazwa hewa. Vena na mirija laini iliyobanwa kutoka nje zinaweza kutetema zenyewe hata mtiririko unaoingia ukiwa haubadiliki.

Mtetemo wa namna hiyo hubaki na kipindi kilekile unapopunguza hatua ya muda kwa nusu mara mbili mfululizo na kuuboresha wavu mara mbili, na ukubwa wake huelekea thamani moja badala ya kukua. Hubadilika pale tu unapobadilisha kitu ambacho mwili nao ungekihisi: mtiririko, ukakamavu, kiwango cha kubanwa, shinikizo la nje. Punguza mtiririko taratibu, na ikiwa kuna mtiririko fulani ambao chini yake mtetemo hutoweka na juu yake hurejea, uwe unashuka au unapanda, andika thamani ya mtiririko huo katika ripoti yako, kwa kuwa ndiyo itakayolinganishwa na kipimo cha maabara.